Tone Jekundu Juu ya Skrubu

Nabintu mwanangu,

Barua hii nimeiweka ndani ya mfuko wa laptopu yako, chini ya sharja, kwa sababu laptopu utaifungua leo usiku, lakini sanduku la nguo hutalifungua mpaka shangazi yako wa Bujumbura akupigie kelele. Wewe umekwenda Kalundu kuaga. Baba yako bado yuko Kamanyola na atafika kesho asubuhi kukusindikiza mpaka mpakani. Mimi nimefunga meza yangu mapema, jua likiwa bado juu. Wateja wawili wamepita wakauliza kama nimepata msiba. Nimewaambia mtoto anakwenda Bujumbura kusoma, wakacheka, wakasema hayo ni machozi ya bure.

Habari za kula, za kulala na za nani wa kusalimia kwanza utaambiwa na shangazi yako, maana yeye anapenda kueleza kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na tangu Jumapili nimeshindwa kulisema.

Jumapili ulikuwa unasonga bugali, mimi nasafisha ndagala, vidagaa vya ziwani. Ukasema bila hata kuniangalia: "Mama, nikifika kule nitaenda ku duka ya Mama Baraka. Nitasimama katikati ya bantu, niseme yote alitufanyia. Atajua minye ni mutoto ya nani." Nilinyamaza, ukadhani sikupenda. Nabintu, nilinyamaza kwa sababu nilipenda mno. Nilikuona umesimama mle dukani kwake, na yeye akitafuta pa kujificha nyuma ya kompyuta zake kuukuu, nikasema moyoni, hatimaye. Nilifurahi mpaka nikaziacha ndagala. Kisha nikakutazama tena ukigeuza mwiko kwa hasira, nikaona uso wangu kwenye uso wako, na furaha ile ikaniishia.

Habari ya Mama Baraka unaijua nusu, na nusu hiyo nilikulisha mwenyewe tangu ukiwa mdogo. Leo nakupa na nusu nyingine, ile inayonichafua mimi.

Mama Baraka hakuzaliwa adui yangu. Tulianza kazi pamoja hapa mtaani Rugenge, meza moja, viti viwili. Yeye alikuwa na mdomo wa kuuza, mimi nilikuwa na mikono ya kufungua. Mashirika ya misaada yalipofunga ofisi yaliuza kompyuta zao kwa mafungu, bila ruhusa ya kuchagua. Sisi tulinunua fungu, tukarudi nalo nyumbani na kuligawa: hii itapona, hii itatoa vipande vya kuponya nyingine, hii ni ya gunia. Mimi ndiye niliyemfundisha kila kitu. Nilimfundisha kusugua meno ya kadi za memori kwa ufutio wa shule, kuweka sikio kwenye diski na kusikiliza kama inagonga. Alipokuja kwangu hakujua hata bisibisi inazungushwa upande gani. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini siku zile mimi niliona dada.

Kilichotupa jina ni rangi ya kucha. Mnunuzi wa kompyuta kuukuu ana hofu moja: kwamba mashini ilishafunguliwa njiani, kilicho kizima kikatolewa, kibovu kikaingizwa. Kwa hiyo kila mashini niliyoimaliza niliiwasha mbele ya macho ya mteja mwenyewe, nikaizima, nikaigeuza mgongo, nikatia tone moja la verni nyekundu, ndiyo rangi hiyo ya kucha, juu ya skrubu ya kifuniko. Mtu akiigusa skrubu ile, verni inapasuka, na hakuna wa kubisha. Nilitia kwa kijiti cha kiberiti, sikutumia brashi ya chupa, maana brashi inaburuza. Tone langu lilikuwa duara kama punje ya mtama. Watu wakaanza kuulizia: "Iko na verni ya Mama Nabintu?" Unaona, jina langu la kazi ni jina lako. Wewe ndiwe uliyekaa juu ya skrubu zile zote.

Basi shule yako ikataka laptopu sita za darasa la kompyuta. Ulikuwa mwaka wa pili wa sekondari na ulitembea kama binti wa mkurugenzi. Nilizitengeneza wiki tatu. Nilipozimaliza niliziwasha hapa nyumbani, zote sita, nikazitia verni. Mvua ikaanza, mto ukaanza kujaa, barabara ya upande wetu ikawa karibu kukatika. Mama Baraka alikuwa akikaa karibu na shule, ng'ambo ile. Akasema nizivushe mapema nizilaze kwake, tuzipeleke siku ya kuzikabidhi. Nikazilaza. Chupa ya verni nayo nilimrudishia, maana yeye ndiye aliyeitunza siku zote, na gunia la vipande vilivyokufa kwa tope la mafuriko lilikuwa kwake pia, kwa kuwa uwanja wake ulikuwa mkubwa.

Siku ya kuzikabidhi hapakuwa na umeme shuleni. Prefe wa masomo, mkuu wa shule, akasema, tungojee tuwashe. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, walimu walikuwa wananitazama, na nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Mashini iko na verni yangu haihitaji kuwashwa. Angalia verni tu." Prefe akaangalia, akaona matone sita mazima, akatia sahihi. Nikaondoka nikijisikia mtu.

Kesho yake walileta jenereta. Wazazi walikuwa wamealikwa, na mimi nilialikwa nikae mbele. Mashini ya kwanza haikuwaka, wala ya pili. Kati ya sita ziliwaka mbili. Prefe alichukua ile ya kwanza, akaigeuza polepole mbele ya wazazi wote, akaweka kidole juu ya skrubu. Akasema: "Verni iko muzima. Hakuna muntu alifungua. Weye mwenyewe ulisema tuangalie verni. Basi mwizi ni weye, Mama Nabintu."

Ulikuwepo. Ulikuwa safu ya tatu, karibu na dirisha, nami niliona ukiinamisha kichwa.

Mama Baraka alikuwa amesimama mlangoni. Prefe akamgeukia: "Weye unafanya naye kazi. Unasema nini?" Nilimtazama. Nilijua atasema, tungoje, kuna kosa, huyu mama si mwizi. Yeye akajifunga kitenge vizuri, akasema: "Minye naosha tu. Kufungua na kufunga iko kazi yake."

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, lakini hakuna lililonila kama hilo. Naosha tu. Mimi niliyemshika mkono kumwonyesha upande wa kuzungusha bisibisi.

Waliponirudishia zile nne nilizigeuza nikaziangalia hapa mezani, juani. Matone yalikuwa na mkia. Kila moja lilikuwa na kimkia upande mmoja, kama anavyoacha mtu aliyetumia brashi ya chupa kwa haraka. Nikafungua kifuniko. Memori zangu nzuri hazikuwemo. Mlikuwa na kadi zenye tope kavu kwenye meno, tope la mafuriko, la gunia letu. Nilikimbia na kadi hizo mkononi mpaka kwa prefe. Akanisikiliza kidogo, akacheka kwa adabu. Nani atamfunga mtu kwa sababu ya mkia wa rangi ya kucha? Na nilipofika kwa Mama Baraka nilikuta mlango una kufuli. Alishavuka kwenda Bujumbura. Mwezi haukuisha, watu wakaniambia amefungua duka la kompyuta kuukuu.

Mengine unayajua, maana yalikupata wewe. Walikuita Nabintu Verni. Ulipigana na msichana aliyeanza kukuita hivyo ukararua sare. Tukakuhamisha, ukarudia mwaka, ukawa unatembea mpaka shule ya Kasenga kwenye vumbi. Mimi nilikaa mezani pangu karibu mwaka mzima nikirekebisha sharja za simu, kwa kuwa hakuna aliyetaka mkono wangu uingie ndani ya kitu chake. Tangu siku ile sijapaka kucha. Uliniuliza mara moja kwa nini, nikakudanganya kwamba verni inaniletea mzio.

Nilimchukia, mwanangu. Nilimchukia nikiosha vyombo, nikiimba kanisani. Nilikupikia chuki hiyo pamoja na maharage na ukaila, ndiyo sababu Jumapili uliisema vizuri namna ile.

Sasa sikiliza ambacho hujui.

Miaka mitatu baadaye alikuja mama yake Mama Baraka, yule mzee tuliyemwita Koko, yaani bibi. Unamkumbuka, alikuwa na jicho moja lenye ukungu. Alibeba laptopu kuukuu ndani ya kitenge, akaiweka mezani kama mtu anayelaza mtoto. Umeme ulikuwa umerudi kwa nguvu ukaichoma. Akasema: "Mama Nabintu, najua mambo yenu na mwanangu haiko muzuri. Minye siingie mule. Ndani mule muko picha za Baraka. Simu yenye ilikuwa nazo iliibiwa. Hatuna hata moja ingine. Naomba unijaribie."

Baraka ni yule mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa kipindupindu akiwa na miaka sita, mwaka mmoja kabla ya mambo ya shule. Hukumzoea kwa sababu ulikuwa ukipenda vitabu kuliko watoto, lakini mimi nilimbeba mgongoni nikiwa mezani, mama yake akiwa sokoni. Alilala mgongoni pangu akinidondoshea mate shingoni.

Nilimwambia Koko aniachie siku chache. Nilifungua. Diski ilikuwa imeungua plaka yake tu, kile kibao cha kijani cha umeme kilicho nje, ndani ilikuwa salama. Kwenye droo yangu nilikuwa na diski pacha iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Nikahamisha plaka ya diski yangu kwenda kwenye diski ya Koko, na siku ya tatu ikaamka ikanguruma taratibu. Picha zilikuwemo zote, na video pia. Nilifungua chache nikazifunga.

Koko aliporudi nilimtazama kwenye lile jicho zima, nikamwambia: "Koko, imekufa. Hakuna kitu tena."

Nilisema kama ninavyomwambia mteja yeyote kwamba betri yake imeisha. Aliipapasa ile laptopu, kisha akasema, basi, Mungu anajua, na akanishukuru kwa kujaribu. Nilimrudishia mashini yake ikiwa na ile diski yangu iliyokufa ndani. Unaelewa nilichofanya? Nilitoa kizima, nikaingiza kibovu, nikafunga kifuniko. Nilifanya kile kile alichonifanyia binti yake, hata mikono haikusahau utaratibu.

Jioni ile ile Koko alimtuma mjukuu na sahani ya ndagala wabichi, kunishukuru. Nikawakaanga kwa nyanya. Wewe ulikula ukaomba uongezwe, nikakuongeza, na mimi nilikula nikashiba. Nisikudanganye kwamba chakula kilinipita vibaya. Kilikuwa kitamu. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya jenereta. Kila nilipofungua droo kutafuta bisibisi niliiona diski ile, nikajisemea, mtoto wako ninaye mimi, nawe hujui. Niliishi hivyo zaidi ya miaka miwili, na ilinipa nguvu ya kuamka.

Wazee wanasema, akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nusu ya kwanza niliishika kwa mikono miwili. Ya pili sikuikumbuka mpaka Koko alipokufa, masika yaliyopita. Yeye alinitenda nini? Aliniletea samaki. Alikufa akiwa na jicho moja la kuonea na hakuna picha ya kuiangalia.

Nilikwenda matanga. Watu walishangaa, lakini nilikwenda. Mama Baraka alikuwa amevuka, amekaa kwenye mkeka, amekonda. Nilipomshika mkono alinivuta karibu, na mimi nikatega sikio, maana nilijua sasa atasema. Neno moja tu lingenitosha. Angesema, ilikuwa minye. Akasema: "Koko aliniambia ulijaribu ile mashini ya mutoto. Asante sana."

Nikajibu: "Si kitu."

Tulikaa pale tumeshikana mikono, kila mmoja na wizi wake. Yeye hakusema lake, mimi sikusema langu, na kwaya ilikuwa inaimba. Nilitoka nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia, na mpaka leo sijui ni hasira kwa nani. Nilipofika nyumbani nilifungua droo. Ile furaha haikuwemo tena, kulikuwa na diski tu.

Ndiyo sababu nimekuandikia. Kesho unavuka na unataka kunilipia kisasi. Mwanangu, kisasi kilishalipwa. Nilikilipa mimi, kimya kimya, na wewe ulikila na bugali. Huna kilichobaki cha kudai mle dukani. Ukisimama katikati ya watu ukaanza kusema, utakuwa unasema nusu ya habari, na mwanamke yule hana hata habari kwamba nusu nyingine ipo. Ningekuacha uende hivyo, ningekuwa nimekutia verni juu ya kitu kibovu na kukupeleka bila kukuwasha.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Sijamsamehe. Nimejaribu kwa maombi na nimejaribu kwa kuchoka, haijatoka. Kila ninapolitamka jina lake natamka jina la mtoto wake, maana ndivyo tunavyoitana hapa, na hata hilo halijanilainisha vya kutosha. Bado nataka ajue uchungu wa kuibiwa na mtu aliyekushika mkono. Ila nataka aupate kwangu mimi, kwa jina langu.

Nyuma ya barua hii, katika kitambaa cha njano, kuna kiboksi chenye waya. Ndani yake ni ile diski. Jana nilikwenda sokoni nikanunua chupa ya verni nyekundu, ya kwanza tangu siku zile. Muuzaji aliniuliza kama kuna arusi. Nimetia tone moja juu ya skrubu ya kiboksi, kwa kijiti cha kiberiti.

Ukishapanga vitu vyako kwa shangazi, tafuta siku ambayo huna hasira, uende. Msalimie kama binti anavyomsalimia mama. Mwambie hivi, bila kuongeza lako: "Mama amenituma. Amesema haikukufa. Yeye ndiye aliyesema imekufa, na alijua anachosema." Usimwambie nimemsamehe, sikukutuma hivyo. Usiniombee msamaha kwake pia. Akikutukana, yapokee matusi, ni yangu hayo, utaniletea likizo. Akisema kuna neno anataka kuniambia, mwambie meza yangu iko palepale Rugenge na mpaka si mbali. Na ukiona moyo wako hauwezi kubeba kitu hiki, kiache juu ya kitanda kabla hujatoka. Nitajua, wala sitakuuliza.

Lakini ukikibeba, usimkabidhi mkononi ukaondoka. Mimi niliondoka mara moja bila kuwasha, na ulikuwepo safu ya tatu ukaona. Kiweke juu ya meza yake. Mwonyeshe skrubu, umwache aitazame vizuri mpaka aone kwamba tone ni duara, halina mkia, wala halijapasuka. Atanitambua hapo kabla ya kitu kingine chochote. Kisha chomeka waya kwenye laptopu yako, uwashe mbele ya macho yake.

Picha ni nyingi. Wewe fungua ile video ya uwanjani kwao. Baraka anacheza nyimbo za kwaya, amevaa viatu vya baba yake, cha kulia mguu wa kushoto. Koko amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapiga makofi. Mama yake anajaribu kumrekebishia viatu, mtoto anamkimbia. Na kuna mwanamke haonekani, yule aliyeshika simu, anacheka mpaka picha inatikisika. Huyo ni mimi. Sikiliza vizuri, kwa sababu wewe hujawahi kunisikia nikicheka hivyo, na yeye amesahau.

Mama Nabintu